Modemu Imekufa Tena? Jinsi ya Kuchunguza Umeme wa Matundu ya USB katika Kompyuta ya Usharika

Somo la robo hii kwa kamati za sharika na wadau wa miradi

Utangulizi

Katika ziara zetu za ufuatiliaji wa miradi, kuanzia Arusha mjini hadi sharika zilizo pande zote za Mlima Meru, lipo lalamiko moja ambalo tumelisikia mara nyingi: "Modemu imekufa tena." Pengine si modemu bali ni printa, flashi au diski ya nje. Kifaa kinafanya kazi asubuhi, mchana kompyuta inasema haikioni. Baada ya hapo huandikwa barua ya kuomba kifaa kipya.

Mara nyingi kifaa hakijafa. Kimelazwa na kompyuta yenyewe ili kuokoa umeme, kisha kimeshindwa kuamka. Kulaza huko hufanywa na chipu inayosimamia matundu ya USB pamoja na programu inayoiendesha chipu hiyo, ambayo mafundi huiita draiva. Katika somo hili tunataka kamati zetu zielewe jambo hili kwa kiasi cha kuweza kuuliza maswali sahihi kabla fedha hazijatoka, na mafundi wa majimbo wapate utaratibu wa kufuata.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze:
(a) kueleza kwa nini kompyuta hulaza matundu ya USB;
(b) kutofautisha tatizo la kulaza, tatizo la umeme mdogo, na kifaa kibovu kweli;
(c) kufuata hatua za uchunguzi bila kununua chochote;
(d) kuamua, kama kamati, ni lini kifaa kipya kinahitajika.

Kisa cha kujifunzia

Usharika mmoja ulio juu ya barabara kuu ya Arusha–Moshi una laptopu moja. Katibu huitumia kutunza daftari la washarika, na mtunza hazina huitumia kuandika ahadi za ujenzi na taarifa ya robo. Modemu ilikuwa ikifanya kazi vizuri umeme ukiwepo. Umeme ulipokatika, laptopu iliendelea kwa betri yake, lakini baada ya dakika chache modemu ilipotea. Wazee wakasema kwamba kukatika kwa umeme kunaunguza modemu. Ikanunuliwa ya pili, nayo ikawa hivyo hivyo. Kisha ombi la modemu ya tatu likafika ofisini kwetu, likiambatana na muhtasari wa kikao.

Katika kipindi hicho hicho lilitokea jambo lililoumiza zaidi. Mtunza hazina alikuwa akiandika ahadi moja kwa moja kwenye flashi. Umeme ukakatika, naye akatoka kuzungumza na mgeni. Aliporudi kompyuta ilikuwa imelala. Alipoiamsha, flashi ilionekana kama kitu kilichochomekwa upya, na faili aliyokuwa ameifungua haikuhifadhika. Ahadi za wiki kadhaa zikabidi ziandikwe tena kutoka kwenye vitabu vya risiti, na wapo washarika waliouliza mbele ya wengine kama ahadi zao ziliandikwa kweli. Hapo jambo likawa limekwisha toka kwenye kompyuta na kugusa uaminifu wa mtu.

Tutarudi kwenye kisa hiki baada ya kueleza mambo ya msingi.

1. Nani anayesimamia tundu la USB?

USB ilianza mwaka 1996 ili kompyuta iwe na aina moja ya tundu kwa vifaa vingi. Kila tundu linatoa vitu viwili: njia ya mawasiliano, na umeme wa volti 5. Katika USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, kifaa kinaruhusiwa kuchukua hadi miliampea 500. Katika USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, kiwango hicho ni miliampea 900. Kifaa kinapochomekwa huanza na kiasi kidogo, miliampea 100 kwa USB 2.0, halafu hujitambulisha na kuomba zaidi.

Ndani ya kompyuta matundu yote yako chini ya chipu moja au zaidi. Sisi tutaiita kidhibiti. Kompyuta za zamani zilikuwa na vidhibiti vya aina ya UHCI au OHCI kwa mwendo wa pole, na EHCI kwa USB 2.0. Kompyuta za siku hizi zina xHCI, ambacho kinasimamia kasi zote peke yake. Jambo hili lina maana kwa fundi: katika kompyuta yenye xHCI kimoja, kidhibiti kikikwama, vifaa vyote vya USB hupotea kwa pamoja, hata kipanya na kibodi.

Kidhibiti hakiamui mambo chenyewe. Hufuata draiva, na draiva hufuata mipangilio ya umeme ya Windows au Linux. Kwa hiyo tunapotafuta tatizo tunapanda ngazi nne: kifaa, waya, kidhibiti na draiva yake, kisha mipangilio ya umeme.

2. Kwa nini kompyuta hulaza tundu?

Kuna kulala kwa aina mbili, na tusizichanganye.

Ya kwanza ni kulala kwa kompyuta nzima, kama tunapofunga kifuniko cha laptopu. Kompyuta nyingine huendelea kuyapa matundu umeme kidogo wakati huo, na nyingine huyazima kabisa. Yakizimwa, flashi iliyokuwa ndani huhesabiwa kuwa ilichomolewa, hata kama hakuna aliyeigusa. Hivi ndivyo faili ya mtunza hazina wetu ilivyopotea.

Ya pili ni kulaza tundu moja moja huku kompyuta ikiwa macho. Draiva ikiona kifaa hakina kazi kwa muda, kidhibiti huacha kukitumia ishara. Kifaa kinachokosa ishara kwa milisekunde 3 kinatakiwa kujilaza, na kikiwa kimelala kisichukue zaidi ya miliampea 2.5. Kazi ikija, kidhibiti hutuma ishara ya kuamsha kwa angalau milisekunde 20, halafu hukipa kifaa milisekunde 10 za kujiweka sawa kabla ya kuanza kuzungumza nacho. Mambo haya yakienda vizuri, mtumiaji hatambui chochote.

Tatizo ni kwamba vipo vifaa ambavyo watengenezaji wake hawakuzingatia sana sehemu hii. Vinalala vizuri lakini haviamki, au vinaamka vikiwa vimesahau anwani vilivyopewa na kompyuta. Kompyuta ikiita bila kujibiwa, hukihesabu kifaa kuwa kimeondoka. Watengenezaji wa Linux walikutana na jambo hili walipoanza kulaza vifaa vya USB vyenyewe kwa vyenyewe karibu na mwaka 2007. Printa na skana ndizo zilizosumbua sana. Kwa sababu hiyo Linux yenyewe, kwa kawaida, haiwalazi wageni wote: hulaza habu tu, na vifaa vingine hulazwa pale draiva au mtumiaji anaporuhusu.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi tusizime utaratibu huu moja kwa moja? Sababu ni kwamba akiba yake si ya kifaa peke yake. Vidhibiti vya zamani husoma kumbukumbu ya kompyuta mara kwa mara, hata pasipo na kazi, na kwa kufanya hivyo huzuia prosesa isipumzike. Matundu yakilala, kidhibiti hulala, na prosesa hulala usingizi mzito. Kwa laptopu inayotegemea betri hiyo ni faida ya kweli. Kwa hiyo tunazuia kulaza pale tu panapoleta madhara.

3. Dalili na mahali zinapoelekeza

Swali la kwanza la fundi liwe: "Tatizo linatokea wakati gani?" Majibu yake huelekeza hivi:

• Kifaa kinapotea baada ya kukaa dakika kadhaa bila kazi. Shuku kulaza tundu.

• Kifaa kinapotea kinapoanza kazi nzito, kwa mfano modemu inapoanza kutuma au diski inapoanza kuzunguka. Shuku umeme mdogo.

• Kifaa kinapotea baada ya kompyuta kuamka. Shuku kulala kwa kompyuta nzima, au draiva ya kidhibiti.

• Vifaa vyote vinapotea mara moja. Shuku kidhibiti chenyewe.

• Kifaa kinapotea waya ukiguswa. Shuku tundu lililolegea, kutu au vumbi. Upande wa kaskazini wa mlima, kuanzia Oldonyo Sambu kuelekea Ngarenanyuki, vumbi la kiangazi huingia kila mahali.

• Kifaa hakifanyi kazi kwenye kompyuta yoyote, hata kwa waya mfupi. Hapo ndipo tunaposema kimekufa.

4. Mtego wa waya mrefu

Jambo hili tunalitenga kwa sababu ni la mazingira yetu hasa. Migongo na mabonde ya Meru huficha mawimbi ya simu. Watu wetu wamegundua kwamba modemu ikiwekwa dirishani au ikining'inizwa juu ya mlango, mtandao unapatikana. Hivyo hununua waya wa USB wa kurefusha, pengine miwili iliyounganishwa. Wazo ni zuri, ila waya nao hula umeme.

Tufanye hesabu. Nyuzi za umeme katika nyaya nyingi za bei nafuu ni nyembamba, za kipimo kinachoitwa 28 AWG, na zina ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 3 ni mita 6 za safari: 6 × 0.21 ni karibu omu 1.3. Modemu ikichukua ampea 0.5 wakati wa kutuma, volti zinazopotea njiani ni 1.3 × 0.5, yaani karibu 0.65. Zilizotoka 5 zinafika kama 4.35. Kwa mita 5, ambao ndio urefu wa juu wa waya mmoja wa USB 2.0, zinapotea zaidi ya volti 1, na modemu inapata chini ya volti 4. Inawaka taa vizuri ikiwa imetulia, kisha inazimika inapoanza kutuma. Aliye mbele ya kompyuta huona kitu kile kile: "kifaa kimepotea." Kubadilisha mipangilio ya Windows hapo hakutasaidia hata kidogo.

Dawa ni waya mfupi, au waya wenye nyuzi nene, au habu yenye chaja yake iliyowekwa karibu na modemu. Modemu za kwanza za 3G, kama Huawei E220, ziliuzwa pamoja na waya wenye vichwa viwili ili kuchota umeme kwenye matundu mawili. Wanaokumbuka waya ule sasa wanajua sababu yake.

5. Hatua za uchunguzi

Fuateni hatua hizi kwa mpangilio. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja, na andikeni matokeo kwenye daftari. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata akipona, hajui dawa ilikuwa ipi.

Hatua ya 1. Nakilini kwanza kumbukumbu muhimu mahali pengine. Uchunguzi usije ukaharibu kile tunachotaka kukiokoa.

Hatua ya 2. Chomekeni kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta, bila waya wa kurefusha wala habu. Tatizo likiisha, rudini kwenye sehemu ya 4.

Hatua ya 3. Jaribuni kifaa hicho hicho kwenye kompyuta nyingine kwa saa nzima, si kwa dakika mbili. Kisha jaribuni kifaa kingine kwenye kompyuta yenu. Mtajua mgonjwa ni nani.

Hatua ya 4. Zimeni na kuwasha kwa kuchagua "Restart". Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, "Shut down" ya kawaida katika kompyuta nyingi haizimi kila kitu: huhifadhi hali ya draiva kwenye diski ili kesho kompyuta iwake haraka. Draiva iliyokwama jana huamka ikiwa imekwama. "Restart" huzianza draiva upya.

Hatua ya 5. Zuieni kulaza kwa kifaa kinachosumbua. Katika Windows fungueni "Control Panel", kisha "Power Options", "Change plan settings", na "Change advanced power settings". Chini ya "USB settings" mtaona "USB selective suspend setting". Angalieni vizuri: katika laptopu kuna mistari miwili, "On battery" na "Plugged in", na kila mmoja una mpangilio wake. Katika laptopu kadhaa mpya sehemu hii haionekani. Hapo nendeni "Device Manager", fungueni orodha ya vidhibiti vya USB, chagueni "USB Root Hub", kisha kichupo cha "Power Management", na muondoe alama ya vyema kwenye ruhusa ya kuzima kifaa ili kuokoa umeme.

Hatua ya 6. Rudisheni mpangilio wa zamani makusudi, muone kama tatizo linarudi. Wengi huruka hatua hii kwa furaha ya kuona kifaa kimepona. Tatizo lisiporudi, basi hamkuwa mmepata sababu, na litawarudia siku ya taarifa ya mwaka.

Hatua ya 7. Kama bado, tafuteni draiva mpya ya kidhibiti na BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Zipo kasoro ambazo mtumiaji hawezi kuziondoa kwa mipangilio. Mwaka 2021 kampuni ya AMD ilikiri hadharani kwamba vifaa vya USB vilikuwa vikipotea kwenye baadhi ya kompyuta zenye bodi za mfululizo wake wa 500, na tiba ilitolewa kwa njia ya BIOS mpya mwaka huo huo. Mtu aliyebadilisha vipanya vitano kabla ya hapo hakupata nafuu yoyote. Hakikisheni umeme hautakatika wakati wa kubadilisha BIOS: laptopu iwe na betri iliyojaa na iwe imechomekwa.

Tunawakumbusha pia kwamba Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zilizobaki nayo zisitarajie marekebisho mapya kwa njia ya kawaida.

Kwa fundi anayetumia Linux

Anza na "lsusb -t" kuona kifaa kiko chini ya kidhibiti gani, kisha "dmesg" kusoma yaliyotokea. Namba -110 maana yake kifaa hakikujibu kwa wakati. Namba -71 maana yake mawasiliano yaliharibika, na mara nyingi waya au umeme mdogo ndio chanzo. Ukisoma "over-current", kuna kifaa kinachovuta umeme kupita kiasi, au tundu lina hitilafu. Ukisoma "HC died", ni kidhibiti chenyewe kilichokwama.

Ili kujua kama kifaa kinaruhusiwa kulazwa, kwa mfano kilicho kwenye njia 1-2, andika:

cat /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control

Jibu "auto" ni ruhusa ya kulazwa, na "on" ni kubaki macho. Kukizuia kisilale:

echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control

Mabadiliko haya hupotea kompyuta ikizimwa, jambo linaloyafanya yafae kwa majaribio. Ukishathibitisha, yafanye ya kudumu kwa kanuni ya udev inayotaja namba za kifaa hicho. Kama kompyuta inatumia programu ya TLP, ongeza namba hizo kwenye orodha yake ya USB_DENYLIST, kwa sababu TLP huruhusu kulaza vifaa vingi ambavyo Linux yenyewe isingevilaza.

6. Tulichokiona katika kisa chetu

Fundi alipofika kwenye usharika ule alijaribu modemu zote mbili "zilizokufa" kwenye kompyuta nyingine. Zote zilifanya kazi. Kisha akafanya jambo rahisi: umeme ukiwepo, akachomoa laptopu ukutani kwa mkono wake. Dakika chache baadaye modemu ikapotea. Kwa hiyo haikuwa kishindo cha umeme kukatika, wala kurudi kwake. Laptopu kuhamia kwenye betri kulitosha.

Alipofungua mipangilio ya umeme akaona kwamba kulaza matundu kulikuwa kumezimwa kwenye mstari wa "Plugged in" peke yake. Kwenye "On battery" kulikuwa kumeachwa. Akakuzima hapo pia, akachomoa tena, modemu ikakaa saa nzima. Akakurudisha, ikapotea. Akakuzima mara ya mwisho. Kisha akaongeza muda wa kompyuta kulala ikiwa kwenye betri, na kumwelekeza mtunza hazina aandike kwenye diski ya ndani kwanza, akimaliza ndipo anakili kwenye flashi na kuitoa kwa utaratibu.

Hakuna kilichonunuliwa. Usharika ulibaki na modemu ya akiba, na mtunza hazina alisimama kwenye kikao akaeleza kilichotokea kwa faili ya ahadi, huku vitabu vya risiti vikiwa mezani kwa yeyote aliyetaka kulinganisha.

7. Pale tunapotegemea jua

Sharika na shule zilizo mbali na nguzo za umeme huuliza: tukizuia kulaza, betri ya sola itatosha? Tupige hesabu tena. Tundu la USB 2.0 likitoa miliampea 500 zote kwa volti 5, ni wati 2.5. Kwa saa 8 ni wati-saa 20. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na tukitumia nusu tu ili idumu ni 600. Tundu moja lililobaki macho siku nzima kwa nguvu zote huchukua karibu asilimia 3 ya hizo. Kwa kawaida ni pungufu, maana modemu iliyotulia haichukui kiwango cha juu. Hesabu hii ni ya tundu peke yake. Kompyuta ikikosa kupumzika huongeza matumizi yake. Ndiyo maana tunasema mzuie kulaza kwa kifaa kimoja, si kwa vyote. Katika miezi ya masika, na Julai wakati mawingu yanapokaa siku nzima kwenye miteremko ya kusini, kila wati inahesabika.

Wapo wanaotumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi kwa sababu hula umeme kidogo. Katika wilaya ya Karatu, shirika la Powering Potential limewahi kuzifunga katika shule za sekondari zikiendeshwa kwa jua. Ni chaguo zuri, ila matundu yake yana mipaka. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 hutoa ampea 1.2 kwa matundu yote manne kwa jumla. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 hutoa ampea 1.6, lakini ikipewa chaja ya ampea 3 badala ya 5, hujipunguza yenyewe hadi 0.6. Diski ya nje ya kuzunguka huvuta umeme mwingi katika sekunde za kwanza, na hapo ndipo inapokwama. Kwa hiyo katika bajeti ya Raspberry Pi andikeni chaja sahihi na habu yenye umeme wake tangu mwanzo.

8. Wajibu wa kamati na wa wafadhili

Kwa kamati za sharika tunapendekeza kwamba ombi lolote la kubadilisha kifaa cha kompyuta liambatane na karatasi moja yenye majibu ya maswali matano: Tatizo hutokea wakati gani? Kifaa kilijaribiwa kwenye kompyuta gani nyingine, na kwa muda gani? Kilijaribiwa bila waya wa kurefusha? Mipangilio ya umeme ilikaguliwa kwenye betri na kwenye umeme wa ukutani? Nani alifanya majaribio, na tarehe gani? Karatasi hiyo haigharimu kitu, na inamlinda mtunza hazina pamoja na katibu dhidi ya maneno.

Kwa marafiki na wafadhili wetu, tunashukuru kwa kompyuta mnazozileta. Tunaomba mtambue kwamba kompyuta iliyotumika huja na mipangilio ya umeme ya ofisi ilikotoka, ambako umeme haukatiki. Siku mbili za fundi za kuipanga upya zikiwekwa ndani ya bajeti, pamoja na habu yenye chaja na nyaya fupi nzuri, huzuia maombi mengi ya baadaye. Mkipokea ombi la modemu ya tatu katika mwaka mmoja, mna haki ya kuuliza maswali matano yaliyotajwa hapo juu. Nasi hatutaona vibaya kuulizwa.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika usharika wenu, ni vifaa vingapi vya kompyuta viko kabatini vikiitwa vibovu? Nani alivijaribu, na kwa njia gani?

2. Daftari la washarika na ahadi limehifadhiwa sehemu ngapi? Flashi ikipotea leo, mtaanzia wapi?

3. Waya wa USB mnaoutumia una urefu gani? Fanyeni hesabu ya volti kama tulivyofanya katika sehemu ya 4.

4. Nani kati ya vijana wenu anaweza kufundishwa hatua saba za uchunguzi, na atasaidiwaje kwa nauli?

Kamati zitakazofanya uchunguzi huu tunaziomba zituletee matokeo kupitia ofisi ya jimbo kabla ya mwisho wa robo, hata kama kifaa kimeonekana kuwa kibovu kweli. Vifaa vilivyo kabatini viletwe pia siku ya mkutano wa watunza hazina, ili vijaribiwe mbele ya wote na vinavyofaa virudi kazini.